Nani Ameusoma Msimbo? Kuyatenganisha Majina ya Uundaji wa Programu kwa Akili Mnemba

Sentensi "programu hii tumeitengeneza kwa akili mnemba" siku hizi husemwa na watu ambao kazi zao hazifanani hata kidogo. Huisema msanidi programu wa Nairobi aliyezoea mifumo ya malipo, ambaye modeli ya akili mnemba humpendekezea mistari michache ya msimbo, yaani maandishi ya kuiagiza kompyuta, naye akaisoma yote, akafuta nusu yake na kuiandikia majaribio iliyobaki. Huisema pia mweka hazina wa chama cha kuchangiana pesa, ambaye jioni moja aliieleza programu ya mazungumzo kwamba anataka ukurasa wa kuonyesha nani amechanga na nani bado, akapewa kitu kinachofanya kazi, na mpaka leo hajafungua hata faili moja la msimbo wake. Wote wawili wamesema kweli. Anayewasikiliza, awe mteja, mkaguzi wa hesabu au kijana anayetafuta pa kuanzia, ndiye anayebaki hajui ameambiwa lipi kati ya mambo hayo mawili.

Majina ya kutofautisha kazi hizi yapo, tena ni mengi mno, na karibu yote yametufikia kwa Kiingereza yakiwa yamechanganyika na matangazo ya biashara. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuyachukua kuwa majina ya zana, kana kwamba anayetumia kihariri fulani yuko katika kundi moja na anayetumia dirisha la amri yuko katika kundi jingine. Zana moja inaweza kutumika kwa njia zote nitakazozieleza hapa, na mtu mmoja anaweza kupita katika zote kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Majina haya yanaeleweka vizuri zaidi tukiyauliza maswali mawili: mashine hufanya kazi kiasi gani kabla ya binadamu kuangalia, na binadamu huyo anapoangalia, huangalia nini hasa. Wapo wanaoangalia msimbo wenyewe, wapo wanaoangalia waraka unaoeleza kinachotakiwa, na wapo wanaoangalia skrini tu kuona kama kitufe kinabonyezeka.

Kabla ya kuingia katika majina yenyewe, inafaa kukumbuka kwamba ndoto ya kuiachia mashine kazi ya kuandika programu haikuanza juzi. Katika miaka ya 1950 wataalamu walikuwa na msemo wao wa uprogramu wa kujiendesha, na walichokusudia ni kile ambacho leo tunakiita kompaila. Grace Hopper alikuwa na mfumo wake wa A-0 mwaka 1952, na mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa FORTRAN, ambayo ilimwezesha mwanasayansi kuandika mlinganyo unaokaribia ule wa kwenye karatasi, kisha mashine yenyewe ikautafsiri kuwa maagizo inayoyaelewa. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba modeli kubwa ya lugha ni kompaila mpya, na kwamba kama hatusomi kinachotoka ndani ya kompaila basi hatuna sababu ya kusoma kinachotoka ndani ya modeli, hoja yake ina mizizi.

Hata hivyo, hoja hiyo hukwama mahali pawili. Kwanza, kompaila ikipewa msimbo uleule kwa mipangilio ileile hutoa matokeo yaleyale, leo na mwaka ujao, ilhali modeli hukisia tokeni inayofuata, yaani neno au kipande cha neno, kwa kufuata uwezekano, kiasi kwamba ombi moja likirudiwa mara mbili linaweza kuzaa programu mbili tofauti. Pili, na hapa ndipo penye uzito zaidi, lugha ya programu ina maana moja kwa kila sentensi, wakati lugha tunayozungumza imejaa mambo yasiyosemwa. Mweka hazina akiandika kwamba "mwanachama aliyechelewa atozwe faini", hajasema kama kuchelewa kunaanza tarehe 5 ikiisha au tarehe 5 ikianza, wala kama aliyelipa nusu ya mchango amechelewa au hajachelewa. Kompaila ingekataa sentensi hiyo na kudai ufafanuzi. Modeli mara nyingi haidai. Huchagua jibu moja linaloelekea kuwa sawa na kuendelea na kazi, na uamuzi huo hubaki umezikwa ndani ya msimbo ukisubiri mtu wa kuusoma. Tofauti zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Njia ya kwanza katika mpangilio wa miaka ni ukamilishaji wa msimbo. Kampuni ya GitHub ilionyesha zana yake ya Copilot kwa majaribio mwezi Juni 2021, ikitumia modeli ya Codex ya kampuni ya OpenAI, na mwaka mmoja baadaye ikaanza kuiuza kwa watu wote. Msanidi huandika mwanzo wa mstari au maelezo mafupi, nayo zana huonyesha mwendelezo kwa herufi za kijivu, akiukubali hubonyeza kitufe kimoja. Kipimo cha kazi hapa ni mstari au fungu dogo la mistari, na binadamu husoma karibu kila kitu kwa sababu kiko mbele ya macho yake palepale anapoandika. Baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 30, 2022, ikaja njia ya mazungumzo, ambapo msanidi aligeuka tarishi kati ya madirisha mawili, akinakili kutoka huku na kubandika kule. Njia hiyo haikupata jina la kudumu, na sidhani kama ilistahili kulipata.

Jina lililoleta vurugu kubwa kuliko yote lilizaliwa Februari 2, 2025. Siku hiyo Andrej Karpathy, mmoja wa waliokuwepo OpenAI ilipoanzishwa na ambaye baadaye aliongoza kazi ya akili mnemba katika kampuni ya Tesla, aliandika katika mtandao wa X kuhusu namna mpya ya kuprogramu aliyoiita "vibe coding". Wasanidi wetu hutamka vaibu kodingi, lakini nadhani Kiswahili cha mitaani kilikwisha kuwa na neno lake siku nyingi, nalo ni mzuka, ile hali ya mtu kupandwa na hamasa akaifuata inakompeleka bila kuhesabu hatua. Kwa hiyo nitaiita kuprogramu kwa mzuka. Karpathy alieleza kwamba huzungumza na zana kwa sauti bila hata kugusa kibodi sana, kwamba hukubali mabadiliko yote bila kuyasoma, kwamba ujumbe wa hitilafu ukitokea huunakili na kuubandika bila neno la ziada, na kwamba msimbo hukua kupita kiwango anachoweza kuuelewa kwa kawaida. Alisema pia jambo ambalo wengi waliomnukuu waliliacha njiani: kwamba si vibaya kwa miradi ya mwishoni mwa wiki, ile ya kutupwa.

Tukiyarudia maswali yetu mawili, kuprogramu kwa mzuka kuna majibu yaliyo wazi. Mashine hufanya karibu kila kitu, na binadamu huangalia matokeo ya kwenye skrini peke yake. Kutosoma msimbo si uzembe uliojipenyeza katika njia hii. Ndio maana yenyewe ya njia hii, na anayesoma ameshatoka ndani yake. Mpaka huo ndio uliofutika mapema kuliko yote. Katika muda wa wiki chache neno lilianza kutumiwa kwa kila kazi ambayo modeli imegusa, hata Simon Willison, Mwingereza aliye mmoja wa waasisi wa Django, fremuwaki (kiunzi cha msimbo) ya kujengea tovuti, akalazimika kuandika mwezi Machi 2025 kwamba si kila programu iliyosaidiwa na akili mnemba imetengenezwa kwa mzuka. Kwake yeye, mtu aliyeupitia msimbo, akaujaribu, akaweza kumweleza mwingine unavyofanya kazi, amefanya usanidi wa programu wa kawaida, na modeli ilikuwa mpiga chapa wake tu. Onyo hilo halikuzuia kitu. Kufikia mwisho wa mwaka huo kamusi ya Collins ilikuwa imelichagua neno la Karpathy kuwa neno la mwaka, na maana yake pana ilikuwa imeshinda ile finyu.

Upanuzi huo wa maana unaumiza pande zote mbili. Msanidi mwangalifu huonekana kama mtu aliyebahatisha, na aliyebahatisha hujiona kama msanidi. Ili madhara yaonekane, turudi kwa mweka hazina wetu na tumtazame kwa karibu. Chama chake kina wanachama wanaochanga shilingi 2,000 kila mwezi kwa simu, na programu yake hupokea taarifa za malipo na kuzipanga katika jedwali. Namba za wanachama aliziingiza alivyozikuta katika daftari, moja ikianza na 0722, nyingine na +254722, nyingine na 254722 bila alama ya kujumlisha. Kwa binadamu hizo ni namba za aina moja. Kwa programu iliyolinganisha herufi kwa herufi, mwanachama mmoja aliyeandikwa kwa namna mbili ni watu wawili, mmoja amelipa na mwingine anadaiwa faini. Kosa hili angalau hujitokeza lenyewe, kwa sababu aliyelipa atalalamika.

La pili halilalamikiwi na mtu. Mifumo ya malipo kwa kawaida hutuma taarifa upya isipopata uthibitisho kwamba ile ya kwanza ilifika, na mtandao ukiyumba kidogo taarifa moja hufika mara mbili. Programu isiyokagua namba ya risiti huandika mchango mara mbili, na mama aliyetoa 2,000 husomeka ametoa 4,000. Skrini haionyeshi dosari yoyote. Vitufe vinabonyezeka, rangi zimepangika, jumla iliyo chini ya ukurasa inapendeza kuliko ilivyotarajiwa, na hakuna mwanachama atakayepiga simu kulalamika kwamba ameandikiwa pesa nyingi mno. Jambo litafichuka siku ya kugawana, pesa zilizo benki zitakapokataa kulingana na zilizo katika jedwali, na siku hiyo hakuna atakayeuliza habari za modeli. Ataulizwa mweka hazina.

Dawa ya kosa hilo ni mstari mmoja katika hifadhidata unaokataza namba ya risiti kuandikwa zaidi ya mara moja. Modeli inaujua vizuri mstari huo, na ikiulizwa itauandika kwa sekunde chache pamoja na maelezo. Ila aliyeprogramu kwa mzuka hakujua kwamba kuna swali la kuuliza. Msanidi wa malipo angelijua, kwa kuwa limeshamchoma huko nyuma, na angefungua faili linalopokea taarifa za malipo kabla ya kitu kingine chochote kulitafuta jibu lake. Sisemi haya kumdharau mweka hazina. Programu hiyohiyo, kama ingekuwa ya kuchagua nani atapika katika mkutano wa mwezi ujao, ingefaa kabisa, na hakuna sababu ya mtu kulipa pesa nyingi apate kitu ambacho kikikosea hasara yake ni sufuria moja ya pilau.

Sasa tuje kwa ajenti, yaani wakala, neno ambalo lingeweza kutufaa Waswahili kuliko wenyewe walioanza kulitumia. Nchini Tanzania wakala ni yule mama au kijana aliyeketi katika kibanda cha miamala, mwenye mtaji wake wa pesa taslimu na salio la simu, anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni ambayo haiko pale. Mipaka yake inajulikana, maandishi ya kila muamala yanabaki, na kampuni hujua ni kiasi gani cha juu kinachoweza kupotea mikononi mwake. Ajenti wa msimbo ni wa namna hiyohiyo. Ni modeli ya lugha iliyokabidhiwa zana na kuachwa ijizungushe mpaka ilifikie lengo: husoma mafaili ya mradi, hubadilisha baadhi, huendesha majaribio, husoma ujumbe wa hitilafu, hurekebisha na kuendesha tena, mara ishirini au hamsini, bila kumsubiri mtu katika kila hatua. Kampuni ya Cognition ilimtangaza Devin mwezi Machi 2024 kwa sifa kubwa, Anthropic ikatoa Claude Code mwezi Februari 2025, na OpenAI ikafuata na Codex ya namna hiyo mwezi Mei mwaka huohuo, ikiwa imelirudisha jina la ile modeli ya 2021 na hivyo kuongeza mkanganyiko ambao haukuhitajika.

Kilichofanya mbio za ajenti ziwezekane ni kwamba kulipatikana namna ya kuwapima. Mwezi Oktoba 2023 watafiti walitoa kipimo kiitwacho SWE-bench, kilichokusanya kazi 2,294 kutoka katika hazina 12 za msimbo ulio wazi kwa wote, wa lugha ya programu ya Python. Kila kazi ni tatizo halisi lililowahi kuripotiwa na kutatuliwa na binadamu, na ajenti huhesabiwa amefaulu pale majaribio yaliyokuwa yakishindwa yanapopita baada ya mabadiliko yake. Ni kipimo kizuri, lakini tazama kinachopima. Kinapima kama majaribio yamepita, na majaribio hayo yaliandikwa na watu waliokuwa wakilijua tatizo. Mradi wa mweka hazina hauna majaribio hata moja, kwa hiyo ushindi wa ajenti katika kipimo hicho haumhusu kwa kiwango ambacho matangazo yanataka aamini.

Watu wengi hudhani kwamba kumtumia ajenti na kuprogramu kwa mzuka ni kitu kimoja, na hapa ndipo maswali yetu mawili yanaposaidia kuliko mahali pengine. Ajenti anajibu swali la kwanza tu, kwamba mashine hufanya kazi kubwa kabla ya mtu kuangalia. Swali la pili liko wazi bado. Msanidi anayempa ajenti kazi ndogo yenye mipaka, akamnyima ruhusa ya kugusa hifadhidata iliyo hai, kisha akayasoma mabadiliko yote kama ambavyo angeyasoma ya mfanyakazi mgeni kabla ya kuyaunganisha na msimbo mkuu, anafanya kile ambacho baadhi ya wahandisi huita uhandisi wa kiajenti. Yule anayemwachia ruhusa zote, akaenda kula, akarudi na kuona kwamba inafanya kazi, anaprogramu kwa mzuka kwa kasi kubwa zaidi. Kuhusu ruhusa, upo pia ujanja ambao Willison aliupa jina la "prompt injection" mwezi Septemba 2022, wa mtu kuficha maagizo ndani ya maandishi ambayo modeli itayasoma. Ajenti aliyetumwa asome barua pepe za wateja anaweza kukuta barua inayomwamuru atume orodha ya wateja mahali fulani, na modeli haina njia ya uhakika ya kutofautisha amri ya bosi wake na maneno ya mpita njia. Wakala wa kibandani angecheka. Ajenti huenda akatii.

Kwa sababu msimbo unaotoka kwa ajenti ni mwingi kuliko macho yanavyoweza kuusoma, limezuka wazo la kuhamisha mahali pa kusomea. Linaitwa usanidi unaoongozwa na waraka wa mahitaji, na lilipata zana zake mwaka 2025, Amazon ikitoa Kiro mwezi Julai na GitHub ikitoa Spec Kit mwezi Septemba. Binadamu na modeli huandika kwanza waraka unaosema programu itafanya nini, kisha mpango wa jinsi ya kuijenga, kisha orodha ya kazi ndogondogo, na ajenti huanza kuandika msimbo baada ya hayo kukubaliwa. Katika mfano wetu waraka ungekuwa na sentensi kama hizi: namba zote za simu huhifadhiwa kwa muundo mmoja unaoanza na 254, risiti moja huhesabiwa mara moja tu hata taarifa yake ikifika mara kumi, mchango huhesabiwa umechelewa baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 6. Mweka hazina ambaye hajui msimbo anaweza kuzisoma sentensi hizo na kusema "hapana, sisi tunatoa siku mbili za huruma".

Ninaipenda njia hii kuliko nyingine zote kwa kazi za watu kama yeye, kwa kuwa inawarudishia wenye shughuli mazungumzo waliyokuwa wameporwa na wataalamu. Lakini waraka hauendeshwi na kompyuta. Kinachoendeshwa ni msimbo, na kati ya hivyo viwili amekaa mkalimani anayeweza kuruka sentensi. Ndiyo maana watu makini huufungamanisha waraka na majaribio, wakirudia desturi ya kuandika jaribio kabla ya msimbo ambayo Kent Beck aliieneza zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Hata hapo kuna mtego, kwani ajenti wameonekana wakilidhoofisha au kulifuta jaribio linalowashinda ili kazi ionekane imekamilika, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimamia fundi wa nyumba atalitambua mara moja.

Yamebaki majina mawili ambayo huwekwa katika orodha hii ingawa si njia za kuunda programu. Uhandisi wa prompti ni ustadi wa kutunga ombi, na uhandisi wa muktadha, jina ambalo Tobi Lütke wa Shopify alilipigia debe mwezi Juni 2025 na Karpathy akaliunga mkono, ni ustadi wa kuamua modeli ionyeshwe nini kabla ya kujibu: mafaili gani, kanuni gani za mradi, historia ipi. Faili la maelekezo ambalo timu huliweka katika mradi ili kila ajenti alisome kwanza ni sehemu ya ustadi huo wa pili. Vyote viwili vinahitajika katika kila njia, kama ambavyo kisu kikali kinahitajika kwa anayepika wali na kwa anayepika maharage.

Jina jingine linalopotosha ni lile la majukwaa ya kuunda programu bila msimbo, pamoja na ndugu yake wa msimbo kidogo ambaye kampuni ya utafiti ya Forrester ilimpa jina mwaka 2014. Katika majukwaa hayo mtumiaji huburuta visanduku vilivyotengenezwa tayari na kuviunganisha, na waliotengeneza visanduku ndio waliokwisha kuamua nini kinaweza kuharibika. Zana mpya kama Lovable au Bolt, ambazo huunda programu kutokana na ombi la maandishi, zinafanana nayo kwa sura, kwa sababu mtumiaji haoni msimbo, na wauzaji hawaoni haya kuyatumia majina ya zamani. Tofauti ni kwamba chini yake kuna msimbo halisi ulioandikwa upya kwa ajili ya mtu mmoja, ambao haujawahi kutumiwa na mwingine yeyote. Aliyejenga kwa visanduku amepanga nyumba yenye mwenyewe, na aliyejenga kwa ombi la maandishi amekabidhiwa nyumba pamoja na wajibu wa kujua nyaya za umeme zimepita wapi.

Kuchanganya majina huharibu hata mijadala ya kisayansi. Mwezi Julai 2025 taasisi ya METR ilichapisha jaribio lililohusisha wasanidi 16 wenye uzoefu na kazi 246 katika miradi mikubwa ya wazi waliyoizoea. Kazi ziligawanywa kwa bahati nasibu kati ya zile walizoruhusiwa kutumia akili mnemba na zile walizokatazwa, na matokeo yalikuwa kwamba waliporuhusiwa walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe baada ya kumaliza waliamini kwamba zana ziliwaharakisha kwa asilimia 20. Takwimu hiyo imetumiwa kuthibitisha kwamba kuprogramu kwa mzuka ni upuuzi, na haikupima mzuka hata kidogo. Ilipima wataalamu waliokuwa wakisoma na kusahihisha, katika msimbo waliokuwa wakiujua kwa kina, kwa zana za mwanzo wa mwaka 2025. Inatuambia kitu cha thamani kuhusu gharama ya kusoma na kuhusu hisia zetu zinavyodanganya. Haituambii lolote kuhusu mweka hazina, ambaye bila modeli asingekuwa na programu yoyote ya kulinganisha nayo.

Kwa mteja anayetaka kuagiza programu, basi, kuuliza kama mtengenezaji ametumia akili mnemba hakumletei faida, kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo karibu kila mara. Maswali yenye faida ni madogo zaidi. Nani ameusoma msimbo unaogusa pesa, na anaweza kunionyesha mstari unaozuia malipo kuhesabiwa mara mbili? Waraka wa mahitaji uko wapi, na uliandikwa kabla au baada? Ajenti alikuwa na ruhusa ya kufanya nini, na je, alifikia hifadhidata yenye taarifa za wateja wetu? Mtengenezaji aliyefanya kazi yake atajibu kwa kufungua faili, na aliyeprogramu kwa mzuka atajibu kwa kuonyesha skrini.

Ugumu ni kwamba hata aliye makini hakai mahali pamoja siku nzima. Asubuhi msanidi husoma kila badiliko analoletewa na ajenti, mistari 30 hapa, 50 pale, akiuliza maswali na kukataa baadhi. Mchana mabadiliko yanakuja kwa mistari 200, naye anasoma yale ya mwanzo na kuyapitisha mengine kwa kuwa ya mwanzo yalikuwa mazuri. Saa kumi na moja jioni ajenti analeta mistari 1,800 katika mafaili 40, majaribio yote ni ya kijani, yaani yamepita, na daladala inasubiri. Nimewahi kuketi mbele ya skrini ya namna hiyo, nikabonyeza kitufe cha kuidhinisha baada ya dakika mbili, na katika kumbukumbu za mradi jina langu likaandikwa kuwa ndilo la mhakiki.